Daftari la Binti wa Mlinzi

Chuoni walimwita Daftari, naye hakuudhika. Fundi huyu wa mtandao hakugusa kifaa kabla ya kuandika kwa penseli kilivyokuwa, alichotaka kubadilisha, na saa. Tabia hiyo aliirithi kwa baba yake, aliyelinda geti la chuo hichohicho miaka thelathini, akiandika kila aliyeingia, alikotokea na saa.

Asubuhi hiyo daktari bingwa alikuwa na upasuaji, na wanafunzi wa uuguzi walitakiwa wautazame moja kwa moja katika madarasa kumi na moja. Zamani kila darasa lilitumiwa nakala yake ya picha, laini ikaelemewa, picha zikaganda. Daftari akaomba kamera itoe picha moja tu, na ruta, vifaa vinavyoelekeza mawasiliano ya mtandao, ziigawe njiani kwa madarasa yaliyoiomba. Mkuu wa chuo alikubali shingo upande.

"Ikikwama, binti, kazi hii naipa kampuni ya nje."

Saa tatu madarasa manane yaliona. Matatu ya jengo la chini yalibaki na skrini nyeusi.

"Si nilisema?" Mkuu alikuwa keshafika mlangoni mwa chumba cha mitambo.

Daftari hakupapasa. Ukiona fundi anachomoachomoa nyaya, jua hajui atafutalo. Aliikagua ruta ya jengo la chini. Madarasa yalikuwa yameiomba picha, na picha ilikuwa inafika, ila hesabu ya pakiti, vipande vya picha, zinazotupwa ilizidi kupanda. Akamkumbuka baba yake: mtu akisema ametoka barabara kuu, halafu anatokea geti la nyuma, hurudishwa. Ruta nayo ni mlinzi. Picha ikiingilia mlango ambao ruta haiamini kwamba unaelekea kwenye kamera, haipiti. Sasa ni nani aliyeidanganya kuhusu upande wa kamera?

Akafungua daftari. Ijumaa, saa kumi jioni, mwandiko wake mwenyewe: njia ya majaribio kupitia kebo ya zamani, iondolewe. Maandishi hayo hayakuwa yamekatwa mstari: njia ile bado ilikuwepo, ikiiambia ruta kwamba kamera iko upande wa kebo ya zamani.

Uso ulimwaka kwa aibu. Angeweza kuisingizia kebo, na Mkuu asingejua. Aliandika saa, akaifuta njia ile. Skrini tatu zikawaka, vidole vya daktari vikaonekana vinafunga mshipa.

"Ilikuwa nini?"

"Ni mimi, Mkuu. Njia niliyoiweka Ijumaa nikasahau kuitoa. Hii hapa."

Mkuu alisoma ukurasa ule, akarudi nyuma kurasa nyingine kumi.

"Mzee wako aliwahi kuniandika," alisema. "Siku yangu ya kwanza ya ukuu. Nilichelewa dakika nne."

"Alinisimulia, Mkuu."

"Kampuni ya nje tuiache huko huko nje." Akamrudishia daftari kwa mikono miwili.

Jioni Daftari alimsomea baba yake ukurasa mzima, kosa na yote, kifua kimemjaa. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akauliza kitu kimoja.

"Saa uliandika?"

"Niliandika, Baba."

"Basi," alisema mzee, akimsogezea kiti kilicho karibu naye, "keti tuzungumze, mlinzi mwenzangu."