Nilivyokifunga kitabu cha mpiga piano mbele ya jaji, Njoro, miaka ya hamsini

Wakuu, hamjambo. Naona humu kila siku ni visa vya wapenzi na mabosi, nikasema wacha na mimi shosho, bibi yenu, nilete changu. Kuniamini au kutoniamini ni shauri yenu, lakini sina sababu ya kudanganya watu nisiowajua, na wale ambao ningefaidika kuwadanganya wameshakufa wote.

Kaeni vizuri, ni uzi mrefu kidogo.

Nimezaliwa Nakuru, kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba alikuwa fayamani, mchochea moto wa gari la moshi, na Jumapili alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani. Mimi niliimba sauti ya kwanza, na kichwa changu kilikuwa kinashika wimbo haraka kuliko kilivyoshika hesabu.

Kinanda cha kanisa kilipigwa na Miss Filo. Huyu alikuwa Mgoa, asili yao Goa huko India, binti ya karani wa reli, kazaliwa hapo hapo Nakuru, na Kiswahili chake kilikuwa kama chetu tu. Siku za kazi alifundisha watoto piano. Wikendi alizunguka kupiga konsati: klabu ya Gilgil, ukumbi wa Molo, shule za huko Njoro. Alipiga ule muziki wa zamani wa Ulaya usio na maneno, ambao watu huusikiliza wamenyamaza kama wako matangani.

Sasa, kwa wasiojua. Mpiga piano mikono yake yote iko kazini, na kitabu cha muziki kina kurasa nyingi. Kwa hiyo kuna mtu anakaa kushoto kwake, kazi yake ni kugeuza kurasa tu. Unainuka polepole, unashika pembe ya juu, unangoja atikise kichwa, unageuza, unakaa. Usikohoe, usimguse, usiburute kiti. Ukifanya vizuri hakuna anayekuona.

Miss Filo aligeuziwa na binamu yake, lakini binamu akaolewa Kampala. Ndipo siku moja baada ya misa akaniita.

"Rosa, wewe kwa kwaya huingii vibaya hata siku moja. Utanigeuzia kurasa?"

"Miss, mimi nasoma do-re-mi ya kwaya. Hizo nukta zenu za kitabuni sizijui."

"Si lazima ujue nukta. Sikiza. Nitakufundisha kwa masikio."

Na kweli alinifundisha kwa masikio. Alipiga kipande kile kile mpaka nikakijua chote kwa do-re-mi kichwani, na nikajua wimbo ukifika pale unapopanda ngazi, hapo ni kugeuza. Nikiangalia kitabu niliona siafu tu wametapakaa.

Tukaanza kuzunguka. Wakuu, hizo safari msizione za raha. Ilikuwa miaka ya mwisho ya hali ya hatari, ile ya vita vya Mau Mau, na barabarani ulisimamishwa, unaulizwa unatoka wapi, unaenda wapi, huyu Mhindi ni nani wako. Huko Gilgil waliniweka jikoni na wapishi mpaka konsati ianze, nikitoka nikarudishwa jikoni. Molo baridi ilikuwa inaingia ndani ya piano, key zingine ukibonyeza hazirudi juu, na Miss Filo anazikwepa huku jasho linamtoka.

Mimi nilikuwa mwoga tangu utotoni. Kabla ya kila konsati nilienda choo mara nyingi mpaka wapishi wakawa wananicheka. Lakini Miss Filo alinizidi kwa uoga, na sababu alinipa mwenyewe tukiwa njiani.

Aliwahi kupiga Nairobi bila kitabu, akasahau katikati. Mikono ikabaki hewani. Watu wakaanza kukohoa, yeye amekaa tu, hakumbuki hata jina la kipande. Tangu hapo hakuwahi kupanda jukwaani bila kitabu.

"Hiki kitabu ndio fimbo yangu," aliniambia. "Mtu akiniondolea, naanguka."

Mwaka huo kukawa na tamasha kubwa la muziki Njoro, na kwa mara ya kwanza huko kwetu walikubali Wahindi na Wagoa washindane na Wazungu kwenye piano. Jaji alitoka ng'ambo. Mpiga piano atakayemchagua angepewa msimu mzima wa konsati, Nairobi, Kampala, mpaka Dar.

Kwa wengine hiyo ilikuwa sifa tu. Kwa Miss Filo ilikuwa maisha. Baba yake alikuwa anastaafu na familia nzima inarudi Goa, kijijini, kwa bibi. Asipochaguliwa, naye angepanda meli pamoja nao. Nilimuuliza kama huko kijijini kuna piano, akasema kuna nazi.

Asubuhi ya tamasha mimi sikunywa chai. Baba aliniangalia akasema, "Wewe nenda ukafanye kazi yako. Hakuna anayekuja kukuangalia wewe." Alisema ili nitulie, na kidogo nilitulia.

Njoro ukumbi ulijaa. Wazungu wa mashamba ya ngano na kofia zao, walimu, watoto wa shule. Jaji, mzee mrefu mwenye miwani, alikaa nyuma kabisa na meza yake na kengele ndogo. Sisi tukangoja pembeni ya jukwaa, Miss Filo anapasha vidole moto kwenye kwapa.

Mara akaja mama mmoja Mzungu aliyekuwa akiendesha mambo ya siku hiyo. Akaongea Kiingereza haraka haraka, akaenda. Miss Filo akabadilika rangi.

"Rosa, leo hakuna kurudia."

"Kurudia nini, Miss?"

"Ile sehemu ya kwanza. Wamesema washindani ni wengi, kila mtu aruke marudio."

Nieleze, maana hapa ndipo shida ilipo. Muziki ule una sehemu unayopiga hadi mwisho, kisha unarudi mwanzo wake unaipiga tena, ndio unaendelea mbele. Kote tulikozunguka tulirudia. Mikono yangu ilishajua: tukifika pale, nageuza kurasa kurudi nyuma. Anayesoma nukta anaambiwa ruka, anaruka. Mimi nilikuwa na wimbo kichwani, na wimbo wangu ulirudi.

"Ukifika pale usiguse kitu," akasema. "Ngoja nikutikisie kichwa, ndio ugeuze mbele. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema."

"Nisiguse. Nageuza mbele ukitikisa."

Tukaitwa. Nilipanda zile ngazi nikijiambia usirudi, usirudi, usirudi. Na nadhani hilo ndilo lililoniponza, kwa sababu kichwa changu chote kilijaa neno kurudi.

Alianza vizuri. Si vizuri sana, nitasema ukweli. Alipiga kwa kubana, kama mtu anayebeba sahani za wenyewe. Macho hayakuinuka kitabuni. Nikageuza ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Niliusikia mwisho wa ile sehemu unakuja, nikainuka, nikashika pembe.

Na mkono wangu ukarudi nyuma.

Sikuutuma. Niliuona ukienda kama ni wa mtu mwingine. Kurasa zikarudi mpaka mwanzo kabisa, zikatulia mbele ya macho yake, na yeye vidole vyake vilikuwa vimeshaingia sehemu mpya.

Wakuu, nimezaa na nimezika, lakini sijawahi kuogopa kama pale. Nilimwona macho yanatafuta kwenye karatasi kitu ambacho hakipo. Mkono wa kushoto ukasita. Sauti moja ikatoka mbaya, kila mtu akaisikia. Nilitaka kutafuta ukurasa wenyewe, lakini ningeujuaje? Siafu wale wote walikuwa sawa kwangu. Na kila nilivyokawia, yeye aliendelea kusoma ukurasa wa uongo, na ule ukurasa ulikuwa unamvuta arudi nao.

Nikakifunga kitabu.

Nilikichukua kutoka mahali pake, nikakifunga, nikakaa nacho mapajani. Msiniulize niliwaza nini. Niliona kile kitabu kinamsumbua, nikakitoa, kama unavyomwondolea mtoto kisu.

Aligeuza uso akaniangalia. Huo mtazamo ninao mpaka leo. Mikono yake bado ilikuwa inacheza, uso umekwisha kabisa. Halafu akaangalia mbele, pale kitabu kilipokuwa, na hapakuwa na kitu, mbao tu.

Nikafumba macho nikangoja mikono ibaki hewani kama Nairobi. Nilikuwa namsindikiza kimoyomoyo kwa do-re-mi, nota kwa nota, na kila nota niliyoingoja ilikuja. Ikaja na nyingine. Baadaye nikagundua yeye yuko mbele yangu na mimi ndiye ninayemfuata. Akaanza kupiga kwa sauti kubwa pale ambapo siku zote alikuwa anaogopa kupaza. Zile sahani za wenyewe alizitua chini.

Alimaliza. Watu wakapiga makofi. Mimi nililowa mgongo mzima.

Mchezo haukuishia hapo. Desturi ya tamasha ni kwamba jaji anasimama mbele ya kila mtu na kusema makosa ya kila mshindani, huku wenyewe mmekaa pale mnasikia. Tulikaa kwenye benchi, Miss Filo hakuniangalia, na kitabu bado kilikuwa kwangu. Kiingereza changu kilikuwa cha shule lakini kilitosha.

Jaji alisema mwanzo alimsikia mtu anayeogopa kukosea, na akakosea. Nikafa. Kisha akasema, yule binti alipokifunga kitabu, yeye jaji alidhani ni mpango wao wawili, na kwamba ulikuwa mpango wa kijasiri sana. Kuanzia hapo, akasema, ndipo aliposikia piano.

Akamchagua Miss Filo.

Mnadhani alinikumbatia? Hapana. Alipongezwa, akashukuru, akaniambia twende. Aliendesha gari la baba yake kati ya mashamba ya ngano, macho kwenye barabara tu. Nikajua nimefukuzwa, kilichobaki ni kuambiwa.

Kabla ya kufika Nakuru akasimamisha gari kando ya barabara. Akazima injini.

"Rosa. Ulijuaje kama sitasahau?"

Ningeweza kumwambia maneno matamu. Lakini aliniangalia vile vile alivyoniangalia jukwaani.

"Sikujua, Miss."

Akainamisha kichwa kwenye usukani. Kwanza nilidhani analia, kisha nikasikia anacheka, kisha nikaona ni yote mawili. Tulikaa hapo mpaka lori la ngano likatupigia honi.

Alipowasha gari tena akasema, "Huko Nairobi na Kampala sitabeba kitabu."

"Sawa, Miss."

Tulikuwa tumefika mjini ndipo nikaelewa. Asiyebeba kitabu hahitaji mtu wa kumgeuzia kurasa. Niliingia landhi, baba akaniuliza imekuwaje, nikamwambia ameshinda, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa uchungu. Nilimfurahia kweli, wakuu. Na nilikuwa na miaka ile ambayo mtu anataka na yeye apande treni.

Nilichojifunza: kuna kazi ambayo ukiifanya vizuri kabisa, mwenyewe unaipoteza. Nimelea watoto, nimeona ni vile vile. Na woga wa mwenzako usiufikirie ni mdogo kwa sababu wa kwako ni mkubwa.

Wajukuu wanasema nilikuwa shujaa. Mimi nasema nilikuwa nimechanganyikiwa. Nyinyi mngefanya nini pale, na mnajua ukurasa mliofungua sio wenyewe? Andikeni hapo chini, nitasoma zote, hata za matusi, ila msiniandikie kwa herufi ndogo.