Mguu wa Kushoto wa Desderius

Mwaka 1987 Nyabiyonza ilikuwa na Landrova moja tu iliyokubali kutembea, ya parokia, na dereva mmoja tu aliyeiweza, Desderius Mutalemwa. Sababu ilikuwa klachi. Pedali yake ilikuwa ngumu hata Padri Telesfori aliijaribu siku moja tu, akashuka akichechemea. Desderius aliikanyaga miaka tisa. Mguu wake wa kushoto ukanenepa kuliko wa kulia, naye hakuona haya kukunja suruali na kuuonyesha kwa watu ambao hawakuuliza.

Tuseme ukweli: udereva hakuwa nao. Alikuwa na paja. Lakini nani angejua, kama hakuna mwingine wa kulinganisha naye? Kila harusi yeye ndiye aliyempeleka bibi harusi, na kibuyu cha kwanza cha rubisi, pombe ya ndizi, kilikuwa cha dereva. Hata mshenga alisubiri. Kibuyu hicho Desderius alikipenda kuliko mshahara.

Kisha klachi ikafa. Injini ilipiga kelele mlimani, gari limekaa tu, moshi unanuka. Likasukumwa mpaka kwa fundi Mbonimpa, Kayanga, naye akaweka klachi mpya. Desderius akaingia kwa madaha, akaikanyaga kwa nguvu zake zote za miaka tisa. Pedali ikazama bila ubishi, nusura ateleze kitini. Akaiachia ghafla kama alivyozoea. Gari likaruka kama chura, likazima.

"Umeniharibia gari, Mbonimpa! Pedali haina kitu!"

"Mzee, klachi nzima ndivyo ilivyo. Ile ya zamani ilikuwa na ugonjwa. Hii inashika chini, karibu na sakafu. Iachie taratibu."

"Nirudishie ugumu wake."

Mbonimpa alikwisha kuombwa mengi, lakini kuombwa alitie gari ugonjwa, hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Akacheka mpaka spana ikamponyoka.

Mfa maji haachi kutapatapa. Desderius akaanza kutangaza kwamba hiyo ni klachi ya wanawake, itaua mtu. Siku ya harusi ya binti wa Ndyamukama, aliyekuwa akiolewa kijiji cha Ihanda, akagoma. "Sitabeba mtoto wa watu nikamtumbukize bondeni," akasema, akakaa kwenye benchi la parokia. Alisubiri kubembelezwa. Zamani akinuna hivyo aliletewa kikapu cha kahawa za kutafuna, na wazee watatu wa kumsihi.

Kikapu hakikuja. Alikuja Mwalimu Kokushubira, shangazi wa bibi harusi, aliyejifunza gari Bukoba. Ufunguo alikwisha kupewa na Padri.

"Shikamoo, mzee Desderius. Klachi inashika wapi?"

"Marahaba. Utajua mwenyewe."

Akajua. Aliibonyeza kwa kiatu chake cha kanisani, akaiachia polepole, na Landrova ikaondoka bila kutikisika. Mabibi waliokaa nyuma, waliozoea kurushwarushwa, waliulizana kama safari imeanza.

Desderius alibaki benchini mpaka vumbi likatulia. Hasira ilimkaba, na kiu pia, na kiu ndiyo iliyoshinda. Akaomba kupakiwa nyuma ya baiskeli ya mtu wa ndizi. Kila mlima alishuka akasukuma, na mguu ule mnene ndio uliotangulia kuuma.

Alipofika Ihanda alijipangusa vumbi, akaelekea moja kwa moja kwenye kigoda cha mlangoni, mahali pa dereva katika kila harusi. Kokushubira alikuwa amekikalia, mrija wa kibuyu mdomoni, wazee wa nyumba wamemzunguka wakimsifu kwa kumfikisha mtoto salama. Baba wa bwana harusi akamtazama Desderius, suruali imekunjwa, jasho linamtoka.

"Karibu, mzee. Umekuja na nani?"

Desderius akajitutumua. "Mimi ndiye dereva."

"Dereva?" Yule mzee akageuka kutazama kigoda, kisha akamrudia kwa upole. "Dereva amekwisha kunywa, mzee wangu. Wa baiskeli wanakaa kule nyuma, migombani."