Saruji Juu ya Chokaa

Mtaa mzima ulimwita Fundi Mwiko. Alikuwa na tabia ya kupita kwenye kazi zake za zamani akizikagua kwa jicho la pembeni, kama mzazi aliyemwoza binti yake. Ila zile nyumba za safu za barabara ya juu hakuwa amezikanyaga kwa miaka ishirini. Zilikuwa kumi na moja, zimesimama bega kwa bega, kila mbili zikigawana ukuta mmoja.

Mkunga mstaafu wa nyumba ya nne ndiye aliyemwita. Alimpeleka moja kwa moja hadi chumba cha kulala, akasogeza kabati. Lipu ya ukutani ilikuwa imevimba. Fundi alipoigonga kwa kidole, iliitika kama debe tupu, kisha kipande kikadondoka. Nyuma yake mawe yalikuwa yameloa chepechepe, na chokaa ya kale imegeuka unga.

"Aliyepiga lipu hii alikuwa na haraka zake," mkunga alisema. "Aliletwa na marehemu mume wangu. Mimi nilikuwa zamu, sikumwona hata uso."

Fundi alipapasa mikwaruzo ya nusu duara ambayo mwiko uliiacha kwenye lipu, iliyoelekea kule inakoelekea ya mtu wa mkono wa kushoto, kama yeye. Angeweza kulimeza neno likaisha.

"Ni mimi, mama," alisema. "Kuta hizi zilijengwa kwa chokaa ili unyevu upate pa kutokea. Mimi nikaziba kwa saruji. Siku zile tuliona saruji ndiyo maendeleo."

Mkunga aliketi kitandani. "Miaka yote nimekohoa humu nikiusingizia uzee."

Kesho yake fundi alirudi na patasi na nyundo ndogo, akaanza kubandua. Mkunga alihamishia godoro sebuleni, lakini kila mara alichungulia mlangoni.

"Taratibu, fundi. Usivute kwa nguvu, utamchana mama," alisema, kama aliyesimama tena chumba cha kujifungulia.

Fundi alicheka, mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile, akapunguza nyundo.

Mawe yaliachwa wazi wiki nne yakauke, ndipo akapaka chokaa, tabaka jembamba baada ya jingine. Miezi michache baadaye, fundi alipokuja kuangalia kazi, mkunga alimwambia wazi kwamba kikohozi kimepungua, hakijaisha, na huenda kisiishe.

"Nakuambia ujue," alisema, "siyo kwamba nakulaumu."

"Heri nijue," fundi alijibu, akakipokea kikombe cha chai alichopewa kwa mikono miwili.