Majogoo wa Kwaya

Mama mmoja wa kwaya alijikita kwenye benchi la fundi cherehani wetu hapa Kyela mjini, akasema haondoki mpaka jora lao la kitenge cha majogoo likatwe mbele yake. "Mafundi nawajua," aliniambia, amekumbatia mfuko wa kutilia mabaki. Mimi nilikuwa nasubiri suruali yangu.

Fundi hakuudhika. Alitandaza kitenge mezani, akachora gauni la kwanza kwa chaki, kisha la pili akaligeuza juu chini.

"Mbona unageuza?"

"Mama, nikipanga yote wima, nafasi inapotea katikati na kitambaa hakitoshi. Yakipishana hivi yanabanana, mnapata wote."

"Haya, yabane haswa!"

Mkasi ulipoanza kulia, mama hakuuondolea macho. Alitoka mara moja tu, kupokea simu. Mwishoni alizoa mabaki yote, hata vipande vyembamba kama utambi, akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," kwa sauti ya mshindi.

Jumapili kwaya ikasimama kuimba. Nusu yao, majogoo walikuwa miguu juu, vichwa vinachungulia sakafu. Mama wa mfuko alikuwa mmoja wao, na aliimba kwa nguvu zote.

Nyuma yangu aliketi mke wa fundi, gauni jipya, kitenge kilekile. Simsingizii mtu, vitenge vinauzwa sokoni, huenda alinunua chake. Ila niligeuka nikamtazama vizuri. Majogoo wake walikuwa wima wote, hata wa mikononi.