Nyama Niliyopika Haikufika Duarani

Admin nifiche, jina langu lisionekane, maana huku machimboni ukurasa huu unasomwa na kila mtu. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mzaliwa wa Shinyanga, nimeolewa huku Geita, nina watoto watatu. Naandika kwa mkono mmoja, mwingine umevunjika.

Kazi yangu ni kupika chakula cha mchana cha wachimbaji. Wanaagiza kwa simu asubuhi, napakia kwenye makontena, mume wangu anapeleka kwa pikipiki. Najisifu bila aibu, chakula changu kilikuwa chakula: ugali wa dona, maharage, nyama ya kuonekana, mchicha wa kushiba. Mtu anapiga nyundo chini ya ardhi kutwa nzima, huwezi kumpa ugali na mchuzi mtupu ukasema umemlisha!

Lakini kwenye duara, yaani shimo lao, sijawahi kufika. Huku mwanamke hasogei pale, wanasema dhahabu inakimbia. Nilikubali, sikutaka kuitwa mkosi. Kwa hiyo chakula nilikiona kikiondoka tu, kikifika sikukiona.

Mwezi uliopita mchimbaji mmoja aliishiwa nguvu akipanda kamba, akaanguka, akavunjika nyonga. Daktari akawauliza wenzake, "Huyu anakula nini? Mbona damu hana?" Wakajibu ugali na mchuzi, na anayepika ni mimi. Jioni ileile wakanivamia. Hata salamu hawakutoa. Mmoja alipiga teke sufuria la maharage yanayochemka, yakanimwagikia miguuni. Mwingine alinivunja mkono kwa mpini wa sururu akifoka, "Umetulisha maji, mama! Nyama yetu unakula na nani?" Nikawa nalia, naapa kwa wanangu kwamba nyama naweka. Mume wangu alisimama mlangoni anatazama. Hata "mwacheni" hakusema.

Ukimya ule uliniuma kuliko mkono. Maduara mengine walikuwa bado wanaagiza, akawa anapika Mama Kulwa, mjane ninayefanya naye kazi. Siku moja mume wangu alipoondoka na mzigo nikapanda bodaboda, nikamfuata kwa mbali. Akakata kona nyuma ya baa, akafungua makontena, nyama na maharage yote akayakombea kwenye sufuria la mwanamke wa supu, huku wanacheka! Wachimbaji akawabakizia ugali, mchuzi na vijani vya mchicha.

Jamani, nilimrukia. Nilimng'ata shavu mpaka damu ikanijaa mdomoni. Akanibamiza ukutani, akanikanyaga mkono huuhuu uliovunjika, nikazimia. Nilipozinduka alikuwa amechuchumaa pembeni yangu. "Ukifungua mdomo, nakuzika wewe na wanao." Tuliporudi nyumbani watoto hawapo. Kumbe nikiwa nimezimia alipiga simu wakachukuliwa, wakapelekwa anakokujua yeye, na mpaka leo haniambii.

Jana ndiyo akanimaliza kabisa. Anakula, ametulia, ananiambia, "Nimeshawaambia ni Mama Kulwa anayekwapua nyama jikoni. Kesho jioni wanakuja. Wewe itikia tu. Hana mume, hana kaka, atapigwa yataisha." Yataisha? Nawajua wale vijana mimi. Mwizi wa mawe ya dhahabu walimchoma moto hapa mtaani nikiona kwa macho yangu.

Nikiwaambia ukweli, watamchoma baba wa wanangu, na sijui watoto wako wapi. Nikimtorosha Mama Kulwa, mume wangu atajua nimesema. Amekaa mlangoni tangu asubuhi na panga, anajifanya analinoa la shamba. Nikinyamaza, nimemuua mwanamke ambaye hajawahi kunikosea hata neno.

Na yupo hapa. Amekuja bila kuitwa, ameniogesha kama mtoto, amenipaka dawa miguuni, sasa anakata nyama jikoni. Nimejifunika shuka naandika, machozi yananitoka. Sasa hivi amechungulia; amesikia wachimbaji wanakuja leo, akadhani naogopa kupigwa tena. Akaniambia, akiniita mama kwa Kisukuma, "Lala, mayu. Leo wakija hawakugusi. Nitatoka mimi nikaongee nao."

Ndugu zangu, jua linashuka. Nishaurini upesi, wakiniuliza mwizi ni nani, nimtaje nani?