Nilimgombeza mkwe wangu mbele ya jumuiya

Hasira yangu ilinifikisha pabaya, nami nasema kama ilivyokuwa. Ulikuwa mwezi wa pili tangu mume wangu afariki, na wanajumuiya walikuja kusali kwangu, Kishanda. Baada ya sala tulimwaga matoke juu ya jani la mgomba, tukaketi kulizunguka. Mjukuu wangu Koku, wa miaka minne, ambaye hushinda kwangu mama yake akiwa sokoni, akafumba mdomo. Alitaka katuni za kwenye simu kwanza ndipo ale.

Damu ilinichemka. Mtoto wa nyumba hii anabembelezwa kula kwa simu!

“Mama Koku,” nikamfokea mkwe wangu, ambaye siku hiyo hakwenda sokoni, “umemharibu mtoto! Ukirudi jioni unamtupia simu ikulelee?”

“Waitu mama, mimi natumia kitochi,” akajibu polepole, kwa heshima.

Hata sikujiuliza kitochi, kisimu cha vitufe, kinaonyeshaje katuni. “Usinijibu! Mimi nimelea sita bila katuni. Kuanzia leo Koku analala hapa hapa, maana kulea kumekushinda.”

Mkwe wangu akainama, machozi yakamtoka. Wanawake wakatikisa vichwa, wakimtazama yeye.

Koku akainuka, akaingia chumbani kwangu, akachomoa simu yangu kubwa chini ya mto. Akaisimamisha kwenye bakuli la maharage, akaketi mbele yake sawasawa.

“Bibi, niwekee katuni,” akasema kwa sauti, “halafu uende chumbani kumlilia babu.”