Mlango wa Watu na Maili ya Pili

Aibu yenyewe naisema mwanzoni ili mcheke mapema mnyamaze: nilitembea Elburgon mchana kweupe na mlango wa watu kichwani, mwenye mlango akinifuata nyuma akiniita mwizi, na mimi nikiamini kabisa kwamba ninamtii Mungu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nafanya kazi kwenye genge la reli Nakuru, nalala landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, na niko darasa la ubatizo. Mwalimu wetu wa dini alikuwa na desturi yake: Jumapili anakupa neno la Biblia, Jumapili inayofuata unasimama mbele ya watu kushuhudia ulivyolitenda, na asiye na ushuhuda habatizwi. Mimi ubatizo niliutaka haraka (na si kwa ajili ya mbingu peke yake) kwa sababu baba yake Rael, msichana niliyetaka kumwoa, alikuwa ameapa binti yake hataolewa na mtu ambaye hajabatizwa. Wiki hiyo tukapewa lile la mtu akikulazimisha kwenda maili moja, wewe enda naye mbili. Nilifurahi sana, maana maili ndiyo kazi yangu, nashinda kwenye reli nikipita posti za maili moja baada ya nyingine.

Shida ni kwamba hakuna aliyenilazimisha. Hata nyapara wetu, mtu wa kulazimisha watu tangu alfajiri, wiki hiyo aliugua koo akawa anatuomba kwa upole. Jumamosi ikafika nikiwa mikono mitupu, na ndiyo siku niliyotakiwa Elburgon kwa wazazi wa Rael, mahali ambapo sijawahi kukanyaga, na baba yangu mdogo alishatangulia jana yake kuniwekea maneno ya posa.

Niliposhuka stesheni nikaona mama mmoja amesimama na mlango mpya wa mtarakwa, umetoka kiwanda cha mbao, bado unanukia.

"Mama, kwako ni mbali?"

"Maili moja hivi, kufuata reli."

Moyo ukaruka. "Basi nilazimishe."

"Nini?"

"Nilazimishe nikubebee. Sema kwa ukali kidogo."

Akaniangalia, akauangalia mlango, uzito wa mlango ukamshinda. "Haya beba, wewe mvivu."

Nikajitwika. Njiani akanieleza kwamba leo wana wageni wakubwa, na mlango wao siku zote ni gunia, ameona aibu, amejinyima mpaka akaupata huu. Nikamsifu (kichwa kimezama chini ya mbao, sioni ila miguu yangu) na kumwambia wageni hao wana bahati. Tukapita posti ya kwanza, akasema, "Ndio hapa. Weka."

"Mama, bado maili moja."

"Ya wapi?"

"Ya Bwana," nikasema, nikaendelea.

Sasa mtu mwenye akili angeuweka mlango chini akaeleza. Mimi niliogopa nikisimama tu ushuhuda umeharibika, kwa hiyo nikaongeza mwendo, na yeye akaongeza sauti akiita mwizi, na wapasuaji mbao wa kando ya reli wakaacha misumeno wakaja kuona mwizi anayeiba mlango bila nyumba. Mama akaushika kwa nyuma. Nikavuta, akavuta. "Mama, usininyime baraka," nikamsihi, karibu nilie, na yeye akawaambia watu, "Huyu ni mgonjwa, mshikeni pole pole."

Hapo ndipo nikasikia sauti naijua. Baba mdogo, amevaa koti lake la heshima. "Zakayo, unapeleka wapi mlango wa mama mkwe?"

Ninyi mnajua kwetu Buluhya, mama mkwe na mkwe hawaangaliani usoni, wala hawagusani, na sisi tulikuwa tumevutana kama watoto. Alitoa ukelele mdogo akajificha upande wake wa mlango, mimi nikajificha upande wangu, mlango umesimama katikati ya njia tumeushikilia wote wawili, hakuna anayethubutu kuuachia. Baba yake Rael akafika, na Rael nyuma yake amejifunika uso kwa leso. Nikajua mke nimeshamkosa. Baba mdogo, aliyenisikia wiki nzima nikilalamika kwamba hakuna wa kunilazimisha, akaeleza habari ya lile neno, mabega ya Rael yakaanza kutikisika, na sikujua analia au anacheka.

Kisha nyuma ya mlango nikasikia sauti ya mama mkwe, "Mwambieni huyo mtoto wa watu amalize maili yake. Halafu aurudishe, aupigilie misumari mwenyewe. Wageni hawatangojea nje."

Nikamaliza, nikarudi, nikaupigilia, shingo imegoma kugeuka. Posa ikapokelewa.

Kesho yake nikasimama darasani na ushuhuda wangu. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema, "Tuliambiwa uende na mtu. Wewe mtu umemwacha akilia nyuma, umeenda na mlango." Akanirudisha nyuma, nikabatizwa na kundi lililofuata, na harusi ikangoja.

Tangu hapo nimeapa sibebi mzigo wa mtu kabla sijamuuliza yeye anataka ufike wapi, na akisema hapa, naweka hapa. Lakini Rael hajanisamehe kabisa. Mpaka leo akinituma sukari dukani, hasa tukiwa na wageni, ananisindikiza mpaka mlangoni na kuniambia kwa sauti, "Zakayo, duka ni la kwanza. Ukifika, simama."